Ugwe wa neva ukibanwa shingoni: maswali ya kumwuliza daktari kabla ya upasuaji

Mama yangu ni mshonaji wa nguo hapa Katuba, Lubumbashi, na ugonjwa wake ulianzia vidoleni: alishindwa kutunga uzi kwenye sindano, kisha akawa anayumba anapotembea, ilhali shingo yenyewe ilimuuma kidogo tu. Picha ya IRM (MRI), inayoonyesha ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, ndiyo iliyoonyesha kwamba ugwe wa neva unaopita ndani ya pingili za shingo umebanwa. Jirani alikuwa amemshauri akandwe na kunyoshwa shingo. Nawasihi wenye dalili hizo wasikubali kamwe, kwa maana ugwe uliobanwa huweza kujeruhiwa zaidi.

Swali la kwanza ni hili: ugwe unabanwa kutoka upande gani, na katika pingili ngapi? Diski, yaani vile vito laini vilivyo kati ya pingili, moja au mbili zikiwa zimetokeza, mara nyingi daktari hupitia mbele ya shingo, akaziondoa na kuziunganisha pingili kwa kipandikizi na bamba la chuma. Kumeza huwa kugumu kwa muda na sauti huweza kukwaruza. Mvutaji wa sigara aache mapema, kwani tumbaku huzuia mifupa isiungane vizuri. Wachache hufaa kuwekewa diski bandia, ambayo huiacha shingo iendelee kugeuka.

Panapobanwa pengi, kama kwa mama, wengi hupasuliwa kwa nyuma. Daktari huondoa matao ya pingili, yaani mifupa inayoufunika ugwe kwa nyuma, na kwa kawaida huzikaza pingili kwa skrubu, au huyafungua matao hayo upande mmoja kama mlango kwenye bawaba, njia iliyobuniwa Japani katika miaka ya 1970. Lakini shingo iliyopinda kuelekea mbele haifai kwa njia ya nyuma peke yake, kwa sababu ugwe hubaki umeegemea mifupa ya mbele. Kwa hiyo mwombeni daktari awaonyeshe mpindo huo kwenye picha. Ulizeni pia kuhusu bega kulegea baada ya upasuaji, jambo linalowapata baadhi ya wagonjwa na ambalo kwa wengi hupona polepole.

Kwa wagonjwa wanaofaa njia zote mbili, ya mbele na ya nyuma, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2021 haukuona tofauti kubwa ya uwezo wa mwili baada ya mwaka mmoja. Ndiyo maana mimi naupa uzito mkubwa uzoefu wa daktari mwenyewe: amezoea njia ipi?

Lengo kuu la upasuaji ni kuzuia hali isizidi kuwa mbaya, na nguvu iliyokwisha kupotea huenda isirudi yote. Mama sasa hayumbi, ingawa ganzi ya vidole imebaki. Basi familia inayochanga fedha isingoje hadi mgonjwa ashindwe kusimama. Miguu ikilegea ghafla au mkojo ukianza kumponyoka, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.