Mvua Iliyomkuta Philip Boit Kwenye Theluji

Swali: Shikamoo Mwalimu. Baba Brayo kila akiona michezo ya theluji kwenye runinga husema Philip Boit alishika mkia kule Japani mwaka 1998 kwa sababu sisi Wakenya baridi hatuiwezi. Mimi nabisha, ila hoja sina. Nisaidie.
*Mama Brayo, Donholm*

Jibu: Marahaba, Mama Brayo. Endelea kubisha. Siku ile Nagano, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi huko Japani, kilichomtesa Boit ni mvua.

Wewe wa Donholm unaujua ule udongo mweusi wa Embakasi masika yakifika. Hatua kumi tu, kila gambuti limebeba donge la matope na mguu hauinuki. Theluji iliyolowa nayo huganda hivyo hivyo chini ya skii, vile vibao virefu vya kutelezea vinavyofungwa miguuni. Boit alishindana kilomita 10 kwa mtindo wa klasiki, ambapo skii hupakwa nta inayoshika theluji ukikanyaga na kuiachia ukiteleza. Theluji ikiwa kavu, nta huchagulika. Halijoto ikicheza karibu na sifuri, hata mafundi wa Norway hukuna vichwa. Sembuse mkimbiaji wa mita 800 aliyeiona theluji kwa mara ya kwanza miaka miwili tu kabla, huko Finland!

Alimaliza kwa dakika 47 na sekunde 25. Mshindi, Bjørn Dæhlie, alikuwa amemaliza dakika 20 nzima kabla yake, na bado alisimama pale akimsubiri amkumbatie. Kila nikiikumbuka picha ile machozi hunilenga. Boit alirudi nyumbani akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Mwambie Baba Brayo kwamba baridi ndiyo rafiki wa michezo hii. Kwenye Olimpiki ya Vancouver, Kanada, mwaka 2010 joto liliila theluji ya mlima wa Cypress Mountain, ikabidi nyingine iletwe kwa malori na helikopta. Kwenye ile ya Pyeongchang, Korea Kusini, mwaka 2018, adui alikuwa upepo, ukaahirisha mbio za kushuka mlima.

Wenye nafuu ni wanaoteleza kwenye barafu chini ya paa, ingawa hata huko mahali pana neno. Kwenye Olimpiki ya Salt Lake City, Marekani, mwaka 2002, uwanja ulikuwa zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, haimzuii sana mtelezaji, na rekodi za dunia zikaanguka. Nairobi yetu iko juu kuliko hapo, mama. Natamani sana siku moja tujengewe uwanja kama ule, wa mita 400, tuone watoto wetu watakimbia vipi.