Mlete mtoto kwenye ziwa

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti wa saa nane usiku nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilisikia kilio cha mtoto tu. Unauliza: "Mama, leo siku ya tano, chuchu zimechanika, mtoto anashika anaachia, na mamamkwe anasema maziwa yangu ni maji matupu, tumpe maji ya sukari. Wewe ulifanyaje?" Nakujibu kwa kuandika, maana kwenye simu utanikatiza.

Mimi nilianza kwa kushindwa. Kaka yako hakunyonya zaidi ya wiki tatu. Kila aliposhika nilikunja vidole vya miguu mpaka amalize, nikidhani ndivyo uzazi ulivyo, na sikumwambia mtu. Maji ya sukari yakaingia, kisha chupa ya biberoni, kisha kuhara. Hilo sijawahi kukusimulia.

Wewe ulizaliwa tarehe 14 Januari 2002. Tarehe 17 mlima wa moto wa Nyiragongo ukapasuka, moto ukashuka mpaka katikati ya mji wetu wa Goma, nasi tukavuka mpaka kuingia Gisenyi, Rwanda, wewe kifuani ndani ya kikwembe. Siku hiyohiyo maziwa yakajaa. Matiti yakawa magumu kama haya mawe meusi tunayojengea nyua, na kinywa chako kikawa kinateleza tu, kama mtu anayetaka kuuma mpira. Tulilala nje, kando ya ukuta. Bibi mmoja, hata jina sikumwuliza, akanigombeza: "Mtoto analia njaa, na chakula umekibeba!"

Alinikamua kwa vidole vyake, kidogo tu, mpaka ule weusi unaozunguka chuchu ukalainika. Mimi nikainama kukutafuta kwa chuchu, akanizuia. Akaniegemeza ukutani, akakulaza tumbo kwa tumbo, pua yako ikitazama chuchu, akakugusa nayo mdomo wa juu, akangoja. Akangoja tena. Ulipopanua kinywa kama anayepiga miayo, akakuleta kwangu upesi kwa kukushika mabega, si kichwa. Kidevu kikazama kwenye ziwa, mdomo wa chini ukabinukia nje. Maumivu yakaja kidogo, yakapoa, halafu nikakusikia unameza. (Chini kule moto ulikuwa umeingia ziwa Kivu na mvuke unapanda. Baba yako alizoea kusema kwamba usiku ule maziwa yote ya Goma yalipata joto.)

Kwa hiyo chuchu kuchanika si kipimo cha uvumilivu wako. Mara nyingi mtoto ameshika ncha tu. Usimvute: ingiza kidole kisafi pembeni ya kinywa chake aachie, uanze upya, hata mara kumi. Ukimaliza, pakaza tone la maziwa yako mwenyewe kwenye kidonda, liache likauke. Ikiwa anashika vizuri na bado inauma, mwombe mkunga hapo maternite atazame ulimi wake. Wengine huzaliwa ulimi umefungwa chini. Wakati huo kamua, umnyweshe kwa kikombe kidogo. Biberoni iache.

Na kilo? Umesema alizaliwa na 3.2, sasa ana 3.0. Hapo hakuna ajabu. Wengi hupungua siku za mwanzo, wakarudi kwenye uzito wao karibu na wiki ya pili. Hesabu nepi zilizolowa: kuanzia sasa ziwe kama 6 kwa siku. Anyonye mara 8 mpaka 12 mchana na usiku, hata kama ni kila saa. Akilala mno hata kunyonya hataki, au hakojoi, usingoje kesho, mpeleke. Nawe ukipata homa na titi likawa jekundu upande mmoja, nenda kwa muganga, lakini usiache kunyonyesha.

Mamamkwe usigombane naye. Maziwa ya mwanzo wa kunyonya huonekana mepesi kweli, mazito ya mafuta huja baadaye, mtoto akiendelea. Tumbo lake ni dogo. Kijiko cha maji ya sukari kinachukua nafasi ya maziwa, asiponyonya ziwa nalo linapunguza. Mpaka miezi 6 maji ni ya kwako, si ya mtoto. Mwambie hivyo kwa adabu, kisha mpe kazi: amwogeshe mjukuu wake, akupikie bukari na lengalenga, wewe ulale. Mwanamke yule anataka kusaidia, amekosa tu pa kushika.

Kesho asubuhi, kabla hujamnyonyesha, nipigie kwa video. Simu iegemeze kwenye thermos, iwe chini kidogo, nione kidevu cha mtoto. Uso wako naujua.

Mama yako,
Goma