Samaki wako ana vidoa vyeupe? Subiri kwanza kabla ya kumwaga dawa

Mwaka wa kwanza kufuga samaki wa mapambo niliua goldifishi wanne kati ya sita, na nasema niliua kwa sababu ugonjwa peke yake usingewamaliza vile. Tanki lilikuwa la lita 60 tu (samaki sita humo ni wengi mno, sikujua), nimeliweka sebuleni hapa Nyegezi, Mwanza, kokoto safi, taa, kila mgeni anasifia. Asubuhi moja naona mmoja ana vidoa mkiani kama kamwagiwa chumvi, anajisugua kwenye kokoto, mapezi kayabana. Mbio duka la dawa za mifugo, jamaa akanipa unga wa tetra ule wa kuku (tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria), "hii inatibu kila kitu bosi", nikamwaga wote. Kesho yake maji ya njano, povu juu, samaki wote wako juu wanahema midomo wazi.

Siku hiyo mjomba alikuwa kaja kutoka Igombe, mtu kavua sangara maisha yake yote. Hata kwenye samaki hakuangalia, alichovya vidole, akanusa, akaniuliza, "mpwa, haya maji umebadilisha lini?" Nikaanza kuhesabu wiki.

Sasa sikilizeni. Vile vidoa ni kimelea, sio bakteria, kwa hiyo tetra haimfanyi kitu. Inachoweza kufanya ni kudhuru wale bakteria wazuri wa kwenye filta wanaomaliza amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, amonia ikipanda ndo unaona wanahema juu na mashavu mekundu. Yaani nilikuwa na ugonjwa mmoja nikajiongezea wa pili kwa hela yangu.

Kimelea akiwa ndani ya ngozi ya samaki humpati kwa dawa yoyote ya kwenye maji. Mpaka adondoke chini, azaliane, watoto watoke mamia kutafuta samaki, hapo ndo chumvi inawakuta. Kwa hiyo vidoa vikiisha siku ya nne usishangilie, endelea mpaka wiki mbili. Mimi naweka chumvi ya kawaida kijiko cha chai kwa kila lita 3, nayeyusha pembeni kwanza, naimwaga kidogo kidogo siku nzima (kama una mimea humo au kambare, usiweke hivyo). Kama una hita pandisha taratibu mpaka nyuzi 28 hivi, na pampu ya hewa iwake muda wote maana maji ya moto yanashika oksijeni kidogo. Kila baada ya siku mbili navuta uchafu wa chini kwa mpira, natoa robo ya maji, narudisha ya bomba yaliyolala kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke, na chumvi naongeza ya yale maji mapya tu. Maji ya ziwani msichote jamani, najua yako hapo hapo ila yanakuja na vimelea vyake.

Halafu kuna kichekesho, dume la goldifishi likiwa tayari kuzaliana linaota vipele vyeupe kwenye mashavu na mapezi ya mbele. Hapo tu, vimejipanga vizuri. Huyo haumwi, muache na mambo yake.

Mapezi yakichanika kingo zikawa nyeupe, mara nyingi ni maji machafu, anza kubadilisha maji. Akivimba magamba yakasimama kama nanasi, hapo sidanganyi mtu, wengi hawaponi, mtenge tu.

Wale wawili waliobaki wapo mpaka leo, mmoja kafika saizi ya kiganja. Samaki mpya siku hizi anakaa kwenye beseni jikoni wiki tatu kabla ya kuingia tankini, mke wangu analalamika hana pa kuoshea vyombo.