Shule zimefunguliwa: mpango ukikataa, mwalimu afanyeje?

Walimu wa shule za msingi jijini Dar es Salaam wametuandikia mengi mwezi huu wa Januari, na karibu wote wanalia na jambo moja: andalio la somo lipo, azimio la kazi (mpango wa mada za mwaka) lipo, ila darasa limekuja na yake. Tunajibu machache.

Swali (Mbagala): Darasa langu la pili lina watoto 96. Wiki ya kwanza wameripoti 51, wengine wanaingia kila siku. Nianze mada mpya au nisubiri?

Jibu: Usianze mada, na wala usikae kusubiri. Tumia siku hizo kupima kusoma. Mwite mtoto mmoja mmoja mezani kwako, umpe kadi yenye herufi 10, silabi 10, maneno 5 na sentensi moja fupi. Dakika 3 zinamtosha. Ukipima watoto 16 kwa siku, siku sita umewamaliza wote 96, na anayechelewa kuripoti unampima siku anayoingia. Wenzake wakati huo wawe na kazi isiyohitaji kukuuliza: maneno ubaoni yaliyoachwa silabi moja, wajaze kisha wachore kila kitu walichokiandika. Kaa ukiwa umelielekea darasa.

Silabi kwenye kadi zichanganye. Hapa ndipo upimaji unapoharibika. Mtoto anayeimba "ba be bi bo bu" bila kukosea anaonekana msomaji. Mwonyeshe "bo" peke yake, nyingine umezifunika kwa kiganja. Ukiona midomo inacheza, anaanzia "ba" kimoyomoyo mpaka aifikie, huyo amekariri. Mweke kundi la silabi hata kama ripoti ya mwaka jana inamsifu. Angalia pia "b" na "d": wengi huzichanganya kwa sababu umbo ni lilelile lililogeuzwa, kwa hiyo usizifundishe wiki moja.

Mwisho utakuwa na makundi manne: herufi, silabi, maneno, sentensi. Yape majina ya matunda badala ya namba, na uyapange upya kila baada ya wiki mbili. Watoto hujua upesi sana nani kawekwa mwisho, na inawaumiza.

Swali (Gongo la Mboto): Tunasoma kwa zamu. Vipindi vya mchana vinakatwa mara kwa mara, leo kikao, kesho mvua. Andalio la dakika 40 nalifupishaje papo hapo?

Jibu: Ukingoja kufupisha ukiwa darasani umeshachelewa. Unapoandaa, pigia mstari vitu viwili visivyoguswa: mfano mmoja na maswali matatu ya zoezi. Zikibaki dakika 20, tumia 2 kukumbusha somo lililopita, 6 kwa mfano, 9 kwa zoezi na 3 kusahihisha pamoja. Wengi hukata zoezi wakabakiza maelezo. Ni kosa kubwa, kwa sababu unatoka darasani hujui nani ameelewa na nani ameitikia tu "ndiyo, mwalimu".

Masika yakianza Machi, mvua ikipiga bati sauti yako haivuki dawati la pili. Usipige kelele, utaumia koo bure. Kila somo liwe na karatasi moja ya manila iliyoandikwa tayari, kwa kalamu nene: kifungu kifupi cha ufahamu au maswali sita ya hesabu. Kabla ya siku hiyo, itundike ubaoni, ukakae dawati la mwisho, uone kama inasomeka kutoka pale.

Swali (Tabata): Nimepokea mtoto wa darasa la nne kutoka shule ya mchepuo wa Kiingereza. Kule alishika nafasi ya tatu darasani, huku anashindwa hisabati. Arudishwe darasa?

Jibu: Bado. Mpe swali moja kwa namna mbili. Kwanza 12 − 5. Halafu: "Asha ana maembe 12, akampa Juma 5. Amebakiwa na mangapi?" Akipata la kwanza akakosa la pili, hesabu anaijua, lugha ya swali ndiyo inayomkwamisha. Mwandikie nyuma ya daftari maneno kama ishirini hivi: jumlisha, toa, zidisha, gawanya, baki, jumla, tofauti, makumi, mamoja na mengineyo. Mkalishe na mwenzake anayesoma vizuri. Kusoma saa kutamsumbua zaidi: akiona mshale mfupi kwenye 7 ataandika saa saba badala ya saa moja, kwa hiyo lirudie somo hilo kwa saa ya ukutani.

Swali (Kigamboni): Mwenzangu yuko likizo ya uzazi, mikondo miwili imeunganishwa. Nisahihishe vipi madaftari yote haya?

Jibu: Hutayamaliza kila siku, na usijaribu. Sahihisha kwa kina safu moja ya madawati kwa siku. Waliobaki wabadilishane madaftari, majibu yakiwa ubaoni. Kila wiki hakikisha hakuna safu iliyorukwa.

Swali (Manzese): Nikirudia mada, azimio linachelewa. Wathibiti ubora (wakaguzi wa shule) wakija nitaonekana mzembe?

Jibu: Mzembe ni anayeacha safu ya maoni tupu, au anayeandika "somo limeeleweka" mwaka mzima. Andika kilichotokea: "Wanafunzi 34 kati ya 92 wamekosa 42 − 17, wameandika 35. Itarudiwa Jumatano." Sentensi hiyo inakulinda kwa sababu inaonyesha umepima, umejua kosa na una tarehe.

Kosa lenyewe lina chanzo chake: mtoto anaona 2 ni ndogo kuliko 7, anageuza, anatoa 2 kwenye 7. Kumwambia tena kanuni hakutamsaidia. Leta njiti za chelewa, ufunge mafungu manne ya kumikumi kwa mpira, na mbili ziwe pembeni. Mwambie atoe 17. Atakwama kwenye mbili zile mpaka mwenyewe afungue fungu moja, apate 12. Jumatano wape 53 − 28, kwanza wakiwa na njiti mkononi, kisha bila njiti.