Fundi Anajibu: Plaizi ndogo ya kukatia, na sumaku ya spika

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Dodoma, nimemaliza mafunzo ya ufundi na sasa natengeneza redio, chaja na taa za LED nyumbani. Plaizi ndogo ya kukatia niliyonunua mtaani imepata pengo kwenye makali wakati bado inang'aa. Muuzaji mmoja ananisukuma ninunue ya Kijerumani, mwenzake anasema zote ni zilezile, tofauti ni rangi ya mpini. Nichukue ipi?
Fundi kijana, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukuniambia pengo lilitokea ukikata nini, ila nakisia: mguu wa LED, au waya wa breki ya baiskeli ambao jirani alikuomba umpunguzie kidogo tu.

Kabla ya kuulizia bei, tafuta sumaku ya spika iliyokufa, uipitishe juu ya vile vipande vilivyobaki mezani baada ya kazi. Vya waya wa shaba vitalala palepale. Miguu ya LED nyingi itarukia sumaku, na utashangaa kuona risista nyingi za bei rahisi nazo zinaruka. Hizo ndani ni chuma, juu zimepakwa shaba na bati, kwa hiyo kwa macho huwezi kuzitofautisha. Chuma hicho ndicho kinachokula makali.

Plaizi ya kawaida ya fundi umeme imenolewa pande zote mbili za mdomo, na ukikata waya ncha inabaki imechongoka kama paa la nyumba. Hii ndogo ya elektroniki imenolewa upande wa ndani tu, upande wa nje ni bapa, ndiyo maana inakata mguu ukawa sawasawa na lehemu. Ili ifanye hivyo, makali yake lazima yawe membamba, na makali membamba hayapendi chuma. Hata hiyo ya Kijerumani ukiibebesha waya mgumu kuliko iliyotengenezewa, itapata pengo, tofauti ni kwamba utaumia zaidi mfukoni.

Ndiyo maana nasema nunua mbili. Moja bapa, ya shaba na miguu laini, isiguse kitu kingine. Ya pili yenye makali manene ya pande mbili, hata kama sura yake ni mbaya, kwa kila kinachorukia sumaku. Kwa fundi anayeanza, mbili za bei ya kati zitamfaa kuliko moja ya kifahari. Na zile seti za mkoba zenye vifaa lukuki ndani ziache dukani. Plaizi yake huwa ndiyo kitu cha kwanza kufa.

Tazama pia unene. Mguu wa risista ya robo wati ni kama nusu milimita au zaidi kidogo. Dayodi ya 1N4007 inakaribia milimita 0.8, lakini ile nene ya 1N5408 inapita milimita 1.2. Plaizi ya Hakko CHP-170, ambayo mafundi wengi wanaijua, mwisho wake ni waya laini wa shaba wa geji 16, yaani takriban milimita 1.3, kwa 1N5408 uko ukingoni kabisa. Knipex, ndio hao Wajerumani, wana plaizi ya Super Knips yenye urefu wa milimita 125 inayofika milimita 1.6 za shaba laini. Ni chombo kizuri, sibishi, ukipata kazi ya kila siku kitajilipa. Ila hizo zenye namba 170 zinaigwa mno, kwa hiyo usisome mpini, jaribu mdomo.

Dukani fanya hivi, na muuzaji akinuna mwache anune. Ifumbe plaizi polepole ukiielekeza kwenye taa. Ncha zikutane kwanza, kisha ukibana kidogo mwanga upotee kuanzia nchani hadi kwenye msumari unaounganisha pande mbili za plaizi. Ukiona mwanga nchani, rudisha, kwa sababu kazi yetu karibu yote inafanywa na ncha. Halafu ifungue nusu na uisukume mipini, mmoja juu na mwingine chini. Ikicheza, midomo itapishana baada ya muda mfupi. Mwisho chomoa unyuzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa nyuzi nyingi, uukate kwa ncha kabisa. Udondoke. Ukijikunja katikati ya midomo badala ya kukatika, hiyo si plaizi, ni kibanio.

Ukiwa kazini, upande bapa uelekee kwenye bodi. Kata juu ya lehemu, usiingie ndani yake, wala usizungushe mkono huku umebana. Bodi za kahawia za redio za bei rahisi zinaachia shaba yake upesi sana, na utajikuta unaunga njia kwa waya kwa sababu ya mguu mmoja. Weka kidole juu ya kipande kinachokatwa kisirukie jichoni.

Hiyo yako yenye pengo usiipeleke kwenye tupa. Ukinoa hadi pengo liishe, ncha hazitakutana tena. Ibaki ya kukatia vibanio vya plastiki vya kufungia nyaya.

SWALI: Fundi, nina kibanda cha kutengeneza televisheni Mwanza. Kijana wangu anakata waya bila kuchomoa kwenye soketi, anasema mpini wa plaizi una raba. Ni salama?
Mama mwenye kibanda, Mwanza

JIBU: Si salama, mama. Raba ile ni ya kumpumzisha kiganja. Plaizi iliyotengenezwa kwa umeme ina alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000 V, na hizi ndogo za elektroniki kwa kawaida hazina. Akikata nyaya mbili kwa pamoja zikiwa na umeme atapiga shoti na kutoboa makali palepale.

Na kuchomoa peke yake hakutoshi. Kapasita kubwa (kifaa kinachotunza chaji) ya upande unaoingia umeme wa ukutani, ile iliyoandikwa 400 V au 450 V, inabeba kama volti 325 kutoka kwenye umeme wetu wa 230, na inaweza kuzishika hata baada ya kuchomolewa. Mwambie aguse miguu miwili ya kapasita hiyo kwa risista ya kilo-omu 10, wati 5, iliyoungwa kwenye waya wenye ganda zuri, kwa sekunde 10 au 15. Kisha apime kwa mita. Mita ikisoma karibu na sifuri, ndipo ashike plaizi.