Monster Hunter: ustadi ndio unaopunguza marudio

Ndugu uliyeuliza kama Monster Hunter, mchezo wa video wa kuwinda wanyama wakubwa wa kubuni, hupima ustadi wa mchezaji au uvumilivu wake tu wa kumuua mnyama yuleyule tena na tena, mimi nimeucheza tangu enzi za PSP, kile kifaa cha michezo cha mkononi cha Sony, na naamini kwamba marudio yana haki pale tu yanapomfundisha mwindaji kitu.

Tangu toleo la kwanza la mwaka 2004, Capcom, kampuni inayoutengeneza, haikumwekea mwindaji pointi za uzoefu zinazomwongezea nguvu mwilini. Cheo kikipanda hufungua mawindo mapya, lakini nguvu hutoka kwenye silaha na deraya zinazofuliwa kwa magamba, pembe na mifupa ya wanyama aliowaangusha. Kwa hiyo anayemrudia Rathalos, joka linaloruka na kutema moto, kwa ajili ya deraya yake hujifunza pia, atake asitake, dalili zinazotangulia mpumuo wa moto, wakati wa kukwepa kucha zenye sumu, na namna mwanga mkali unavyoliangusha joka hilo kutoka angani. Mimi hutumia upanga mkubwa, silaha nzito ambayo pigo lake likishaanza huwezi kulirudisha kirahisi, na ndiyo maana kumjua mnyama kunanifaa kuliko tarakimu za deraya.

Ustadi huo huo hupunguza kazi. Anayejua kuukata mkia hupata sehemu ya ziada ya kuchuna, na anayevunja kichwa au mabawa huongezewa zawadi mwisho wa windo, hivyo hukusanya malighafi mapema kuliko anayepiga popote anapofikia.

Mizani iliharibika, kwa maoni yangu, katika toleo la World la mwaka 2018. Vito vya kupachika kwenye silaha na deraya, ambavyo katika matoleo ya awali mchezaji alivitengeneza mwenyewe kwa viungo vya wanyama, vilianza kutolewa kwa bahati nasibu, na kito cha kuongeza mashambulizi kikawa adimu mno. Hapo mwindaji hodari na mwindaji dhaifu walisubiri bahati ileile, na windo la mwisho halikumfundisha lolote ambalo la kwanza halikumfundisha. Toleo la Rise la mwaka 2021 lilirudisha utengenezaji wa vito, ingawa bahati nasibu ilibaki kwenye hirizi, kifaa kingine anachovaa mwindaji.

Basi usikae kwenye ngazi ya chini ukikamilisha kila deraya, kwa sababu deraya ya ngazi ya juu itaifanya isiwe na kazi. Tengeneza inayokutosha kuendelea. Ukikwama kwa mnyama mmoja, ukaangushwa mara tatu, yaani windo likashindwa, kila unapomwendea, jaribu silaha nyingine kati ya aina 14 zilizopo kabla ya kwenda kutafuta kinga zaidi. Mnyama yuleyule ukimwendea kwa upinde au kwa mkuki hukuonyesha mianya ambayo upanga ulikuficha.