Barua kwa mwanangu: ngoma humtangulia mguu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Umeniuliza kama katika gemu yako, ambamo kijana hukimbia kuelekea kulia na kuruka mashimo kwa mapigo ya kidumbak, ile ngoma yetu ya harusi ya Zanzibar, mchezaji anayebonyeza kwa kuchelewa milisekunde 100 asamehewe au arudishwe mwanzo. Hesabu ulinieleza nikaielewa: muziki wa mapigo 120 kwa dakika hupiga kila nusu sekunde, skrini huchora picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo baina ya pigo na pigo mna picha 30, na msamaha huo wako ni picha sita.

Mimi nataka kwanza nijue huyo mchezaji ameambiwa nini kabla hajalifikia shimo. Siku zote nasema ngoma ndiyo humtangulia mguu. Harusi ya mama yako mdogo kule Mkokotoni hukuwepo, lakini umeisikia mara nyingi kuliko bibi harusi mwenyewe. Fidla ilikuwa ikituvusha kutoka wimbo mmoja kwenda mwingine bila kusimama, na kila ilipotaka kugeuza, mpigaji aliuvuta uta mara mbili kwa nguvu, sanduku, lile besi letu la kamba moja, likaitikia kwa sauti nzito, nasi tukajua. Mara moja tu, kwa kiburi au kwa uchovu, aligeuza bila kutuashiria. Wenzangu wa nyuma walipata pa kujificha. Mimi niliyekuwa mbele nilibaki nimeinua mguu, kiuno kikiwa bado katika wimbo uliokwisha, na shangazi yako akasema mbele ya watu kwamba sijui kucheza. Sikukosea mimi. Hadi leo nasema sikukosea mimi, na dada yako akicheka na acheke.

Utanambia kwamba mchezaji hujifunza kwa kuanguka, na ni kweli, kwani baada ya siku ile hakuna aliyeijua kona ile vizuri kuliko mimi. Lakini niliikariri kwa hasira, wala sikupata tena raha ya kuicheza.

Basi kwa kuwa kijana wako hukimbia kwa mwendo usiobadilika, mashimo yapange kwa mapigo: akienda miraba minne kwa pigo, shimo la mapigo mawili mbele liko miraba minane kutoka aliposimama, na hapo cherewa, ile ala ya kutikisa, ilie pigo moja kabla. Kuruka nako kuchukue pigo zima ili atue juu ya pigo linalofuata, maana mguu unaotua katikati huhisi umekosea hata ukiwa salama. Na vile vipokea sauti vya masikioni visivyo na waya, ambavyo ulinambia huchelewesha sauti, humfanya mwenye sikio zuri aonekane mzembe. Mwambie agonge pamoja na ngoma kabla ya kuanza, upime kuchelewa huko na ukuondoe, ndipo tuzungumze msamaha.

Kuhusu hizo milisekunde 100 sitoi hukumu, kwani gemu ni yako. Ningependa kusema kwamba picha sita ni nyingi kwa aliyeashiriwa na ni chache kwa aliyevamiwa, lakini nimekwisha kusema sitoi hukumu. Ila hatua ya tatu, pale shimo linapotokea katika pigo lile lile ngoma inapogeuka na cherewa imenyamaza, iangalie tena kabla hujawapa watu.

Mama yako